Kamba ya winchi: Kifaa kinachobeba uhai wa mchimbaji mdogo

KATIKA machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita, na yale ya Kahama mkoani Shinyanga, kamba hufanya kazi pengine kuliko sururu. Kwa kamba mchimbaji mdogo hushuka ndani ya duara, kwa kamba viroba vya mawe hupandishwa, na jioni hiyo hiyo ndiyo humrejesha juu.

Winchi ya kienyeji ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda, likiwa na mikono ya kuzungushia. Kosa linalozoeleka ni kuifunga ncha ya kamba kwenye gogo na kuliachia fundo uzito wote. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo mizunguko kadhaa haina budi kubaki gogoni hata kamba inapofika chini kabisa, kwani msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaopaswa kubeba mzigo. Gogo jembamba nalo huikunja kamba mno na kuichosha mapema.

Kamba ya katani hushika vizuri mkononi, lakini kwenye duara lenye maji huoza kuanzia ndani, huku nje ikionekana nzima. Inayoitwa "manila" madukani siku hizi kwa kawaida ni ya plastiki. Manila ya asili ilitokana na mmea wa Ufilipino. Plastiki haiozi, ila huharibiwa na jua, na winchi hushinda juani. Aidha, inaposuguana kwa kasi hupata joto na kuyeyuka, ikaacha sehemu ngumu zinazong'aa.

Ukaguzi hufanywa kila siku kabla ya mtu wa kwanza kushuka. Kamba hupitishwa mkononi yote, kisha nyuzi zake zikafunuliwa sehemu mbalimbali. Vumbi la nyuzi au chembe za mchanga ndani ni dalili mbaya, kwa kuwa mchanga hukata kama msumeno kila kamba inapovutwa. Huoshwa kwa maji safi, ikaanikwa kivulini na kuwekwa mbali na tindikali ya betri. Mdomo wa duara wenye jiwe kali hufunikwa kwa ubao laini. Kamba ya watu isiwe ile ya mawe.

Ugumu uko kwenye fedha. Katika maduara mengi mwenye duara ndiye hugharimia vifaa, na wachimbaji hulipwa kwa mgawo wa viroba baada ya mawe kupatikana. Anayenunua kamba, basi, mara nyingi siye anayening'inia. Hadi duara litoe mawe, kamba mpya huonekana kuwa anasa.

Ajali za vifusi ndizo hupata nafasi magazetini, kama ya Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, ambako wachimbaji 5 waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mtu mmoja aliyeangushwa na kamba hasikiki sana.

Kamba iliyowahi kushtuliwa na mzigo ulioanguka ghafla hustaafishwa, hata kama haina jeraha. Nayo hukatwa vipande vifupi papo hapo, kwani ikiachwa nzima pembeni, kesho yake itakutwa kwenye duara la jirani.