Mmenyuko na Msambao: Istilahi ya Ruwaza Zinazojiunda

Mfumo wa mmenyuko na msambao ni mfumo wa kihisabati unaoeleza namna kemikali mbili au zaidi zinavyogeuzana zinapokutana, yaani mmenyuko, na wakati huohuo zinavyoenea kutoka penye wingi kwenda penye uchache, yaani msambao. Kiunganishi "na" kina uzito katika istilahi hii, kwa maana kusema "msambao wa mmenyuko" ni kudai kwamba mmenyuko ndio unaosambaa, ilhali zinazosambaa ni kemikali zenyewe. Msambao nao wafaa kuliko mtawanyiko, kwa kuwa kutawanyika hudokeza kundi lililovunjika kila mmoja akashika njia yake, hali tone la wino katika maji tuli husambaa bila kuacha pengo.

Wino huo ukishaenea, maji yote huwa na rangi moja, na ndiyo sababu hoja ya Alan Turing ya mwaka 1952 ni ya ajabu kweli: alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazomenyuka, zikisambaa kwa kasi tofauti, msambao uleule unaosawazisha unaweza kuuvunja usawa na kuzaa madoa au milia. Kemikali moja, kiamshi, hujizidisha na kuzalisha mpinzani wake, kizuizi. Kizuizi kikienda mbali kwa kasi zaidi, kiamshi hushamiri kitovuni na kufifia pembezoni.

Katika mfumo mmojawapo wa mmenyuko na msambao, uitwao mfano wa Gray na Scott, ambao John Pearson aliuigiza kwa kompyuta na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993, molekuli moja ya kemikali ya kwanza hukutana na mbili za kemikali ya pili, zikawa tatu za hiyo ya pili. Kwa kubadilisha namba mbili tu, kasi ya kulisha mfumo na kasi ya kuondoa kemikali ya pili, Pearson alipata milia, mizingo, na hata madoa yanayokua kisha kugawanyika mawili mithili ya seli.

Maumbo hayo yafaa kuitwa ruwaza, si nakshi, kwa sababu nakshi ya mlango wa Zanzibar ina fundi aliyeshika patasi, ilhali hapa hakuna mstari wa programu unaotaja doa wala mlia; kwa hiyo kitenzi chake ni kujiunda, na kiambishi "-ji-" hakipaswi kuachwa.