Mtawa wa Venice na Hesabu ya Riba

Wahenga walisema, "Kukopa arusi, kulipa matanga." Methali hii yajulikana na watu wote, lakini ni wachache wawezao kueleza ni kitu gani kigeuzacho vifijo kuwa kilio. Aghalabu kitu hicho ni riba. Nayo riba ina kanuni yake, ambayo imo vitabuni tangu zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Twende basi, msomaji, hadi Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ambao zamani hizo ulikuwa soko kuu baina ya Ulaya na nchi za mashariki. Mwaka 1494 kilipigwa chapa huko kitabu kikubwa cha hesabu, kazi ya mtawa aitwaye Luca Pacioli. Katika ujana wake, kabla hajawa mtawa, Pacioli aliwafundisha watoto wa tajiri mmoja wa mji huo, akazijua shida za wafanya biashara. Wataalamu wengi wa siku zile waliandika kwa Kilatini. Yeye aliandika kwa lugha ya watu wake, ili hata mwenye duka apate kusoma.

Ndani ya kitabu hicho mna kanuni fupi. Ukitaka kujua fedha itakuwa maradufu kwa miaka mingapi, riba ikiongezwa kila mwaka juu ya rasilmali, chukua 72, uigawanye kwa kiasi cha riba. Mfano wake ulikuwa riba ya 6 kwa mia: 72 kwa 6 ni 12, basi miaka ni 12. Hiyo ni kadirio tu, lakini haipotei mbali.

Sasa itazame kanuni hiyo kwa jicho la mdaiwa. Riba ikiwa 12 kwa mia, miaka ni 6. Ikiwa 24, miaka ni 3. Je, mkopeshaji akisema ni 10 kwa mia tu, lakini kwa kila mwezi? Deni lisipolipwa, litapita maradufu katika mwezi wa 8. Na mwaka ukitimia, shilingi 10,000 zitakuwa zaidi ya 31,000. Neno moja lisilosomwa, "mwezi" badala ya "mwaka", latosha kumwuzisha mtu ng'ombe wake. Na meneja wa chama cha ushirika akitia sahihi bila kuelewa, huwafunga watu wasiokuwapo: wakulima waliomwaminia kahawa yao.

Dawa ilikuwa katika kitabu kile kile. Pacioli alieleza namna wafanya biashara wa Venice walivyoweka hesabu zao. Hakuibuni yeye njia hiyo, aliikuta, akaieneza. Kila jambo liliandikwa lilipotokea, kisha likapangwa kwa tarehe, kisha likaingizwa mara mbili, upande wa mdaiwa na upande wa mdai, ili kosa lijifichue. Kazi hiyo haingojei mwisho wa mwaka.

Riba hailali usiku, wala haijui sikukuu. Kwa hiyo asimamiaye mali ya watu imempasa asome kila siku: daftari zake, mapatano yake, na vitabu vya waliomtangulia. Huenda nawe, msomaji, siku moja ukakabidhiwa sanduku la wenzako. Jizoeze tangu sasa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.