Type XX (saa ya rubani)

Type XX ni saa ya mkono ya rubani, aina ya kronografu, iliyotengenezwa na kampuni ya Breguet kwa masharti ya jeshi la Ufaransa ya miaka ya 1950. Jeshi lilitaka uso mweusi, tarakimu zinazong'aa gizani na mashine isiyokosea zaidi ya sekunde 8 kwa siku. Sharti gumu lilihusu kitufe cha chini. Kronografu ya kawaida hubonyezwa mara tatu: kuisimamisha, kuirudisha sifuri, kuianzisha tena. Rubani anayepima safari kwa ramani na saa, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, hana nafasi hiyo. Hapa hubonyeza mara moja tu. Mshale huruka hadi sifuri, na kidole kikiachia, huanza kukimbia upya.

Kati ya 1955 na 1959 Breguet ilikabidhi jeshi la anga saa 1,100, zote za kutiwa ufunguo kwa mkono. Vixa, Dodane na Auricoste nazo zilitengeneza za kwao.

Breguet iliifufua saa hii mwaka 1995 kwa mashine inayojijaza mkono unapotikisika. Toleo la 2023 lina mashine mpya kabisa, kalibra 728: mapigo 36,000 kwa saa, akiba ya nguvu ya saa 60, na springi ya mizani ya silikoni isiyovutwa na sumaku. Kitufe kinafanya kazi ileile. Dirisha la tarehe kati ya 4 na 5, hata hivyo, linauchafua uso uliokuwa safi.