Barabara ya Bunagana–Rutshuru–Goma
Barabara ya Bunagana–Rutshuru–Goma ina urefu wa kilomita 89 hivi, na huunganisha makao makuu ya Kivu ya Kaskazini na mpaka wa Uganda. Kupitia humo bidhaa za bandari ya Mombasa huingia Goma. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo iliikata kaskazini mwa mji. Wiki chache baadaye, tarehe 16 Juni, Marais Tshisekedi wa Kongo na Museveni wa Uganda walizindua huko Mpondwe mradi wa pamoja wa kilomita 223 za lami, uliojumuisha pia Kasindi–Beni na Beni–Butembo, chini ya kampuni ya Dott Services ya Uganda. Ni nadra hazina ya nchi moja kuchangia barabara za jirani. Uganda ilifanya hivyo ikilenga soko la Kongo.

Kulinganisha kanuni za barabarani za nchi hizo mbili nako kuna ugumu wake. Uganda magari hupita kushoto, Kongo kulia; dereva wa lori la Uganda akishavuka Bunagana hukaa upande wa ukingo, na kulipita gari lililo mbele humtegemea utingo.

Waasi wa M23 wa Kongo waliziteka ncha zote mbili za barabara hiyo: Bunagana Juni 2022, na Goma Januari 2025.