Stesheni Yetu Ilikuwa Luanda

Ukimwuliza mtu wa Mukumu stesheni yetu ya treni iko wapi, atakucheka kwanza. Kwetu hakuna reli. Kuna barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, kanisa kubwa la Wakatoliki, shule ya wasichana, hospitali ya misheni, na makanga wanaoita abiria tangu alfajiri. Lakini kukhu wangu, mama yake baba, alikuwa na stesheni. Akisema "stesheni" bila kutaja jina, sote nyumbani tulijua ni Luanda, kule Bunyore: matatu hadi Majengo, matatu nyingine kuelekea magharibi, halafu mguu kidogo.

Nimesikia wazee wengi wakilalamika kwamba reli ilitupita. Nami nilikua nikiamini hivyo, hadi siku nilipokaa nikaipanga miaka sawasawa. Kumbe maneno yale ni nusu tu ya habari.

Tuanze na tarehe 20 Desemba 1901. Siku hiyo reli iliyotoka Mombasa ilifika ufuoni mwa ziwa, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence. Jina lilikuwa la Florence Preston, mke wa msimamizi wa ulazaji wa reli, naye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Leo tunapaita Kisumu. Reli yenyewe iliitwa Reli ya Uganda, na watu hudhani ni jina la ajabu kwa reli iliyoishia Kisumu. Si la ajabu hata kidogo. Wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda, na Mukumu pia. Tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda.

Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliuhamisha mkoa huo, ukawekwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba reli yote, toka pwani hadi ziwani, iwe mikononi mwa utawala mmoja. Basi babu zetu walilala Uganda wakaamka katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, bila kuvuka mto wala kufunga mzigo. Reli isiyofika kwetu ndiyo iliyotuchagulia nchi. Sijui kama hiyo ni kupitwa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1906, wamisionari wa Mill Hill walianzisha misheni ya Mukumu. Kodi ya nyumba nayo ilikuwa ikidaiwa kila mwaka, na kodi ilitaka pesa, na pesa ilikuwa mbali. Wanaume wakaanza kuteremka Kisumu kwa miguu kutafuta treni ya kwenda kwenye mashamba ya walowezi na Nairobi. Kuanzia 1919 na 1920 kila mmoja wao alilazimishwa kuvaa kipande shingoni, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma. Wengine waliajiriwa na reli yenyewe, wakaishi katika landi za Nairobi, kule Muthurwa na Landi Mawe. Kuka yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo hata mtu asiyekuwa na reli kijijini mwake alikuwa na mume, au kaka, aliyelala kando yake.

Halafu reli ikaanza kutuzunguka. Kaskazini, njia mpya iliyopitia Eldoret ilikata Lugari, Webuye na Bungoma, ikafika Kampala mwaka 1931. Kusini, tawi lilitoka Kisumu likapanda Kisian, Maseno karibu na mstari wa ikweta, Luanda, Yala, na mwishowe Butere, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilikuwa miaka ileile dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, na wazungu wakafurika na majembe yao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba Mwafrika akinyang'anywa ardhi ya hifadhi atapewa nyingine badala yake. Mwaka 1932 sheria ikabadilishwa ili alipwe pesa tu. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu ikaenda zake, reli ya Butere ikabaki.

Na hapa ndipo historia ninayoijua kwa macho yangu inapoanza. Vitabu vikitaja reli hii, hutaja pamba na mahindi na wanaume waliokwenda kazini. Mimi niliyoiona katika miaka ya 1980 ilikuwa reli ya wanawake na wanafunzi.

Kukhu aliuza vyungu. Alivinunua Ilesi, hapo jirani yetu, ambako wanawake wanafinyanga hadi leo. Kwenda Kisumu hakukuwa na shida, barabara ilipita mlangoni kwetu. Shida ilikuwa Yala na Butere, ambako vyungu vilipata bei nzuri zaidi. Dada yake alikuwa ameolewa Bunyore, kwa hiyo tulilala huko, na kesho yake tukawa stesheni mapema.

Treni kutoka Kisumu ilikuja imejaa wanawake wa ziwani na makarai ya omena na samaki wa kukaushwa. Pale Luanda biashara ilianza kabla magurudumu hayajatulia: chungu kikipanda dirishani, omena ikishuka. Ndani, vyungu viliwekwa sakafuni juu ya nyasi, vimeinamishwa mdomo chini, na sisi watoto tulipangwa kuvizunguka kama ua. "Kaa hivyo, usisogee," kukhu aliniambia. "Wewe ndiwe ukuta." Wanafunzi wa Maseno na Yala walituruka na masanduku yao ya mabati, wakisema pole mama, pole mama. Tikiti ilikuwa ya mtu. Chungu hakikulipa.

Ni jambo dogo, lakini ndilo lililofanya hesabu ya kukhu itoe faida. Treni ilikwenda polepole, kwa hiyo chungu hakikuvunjika. Ilikuwa na nafasi, kwa hiyo mzigo ulikaa na mwenyewe. Ilikuwa na saa yake, hata ikichelewa, kwa hiyo mwanamke wa Kisumu na mwanamke wa Mukumu waliweza kuagana wiki hii wakijua watakutana wiki ijayo, bila barua wala simu. Baba yangu alisomeshwa na mshahara wa landi. Shangazi zangu wawili walisomeshwa na vyungu vya treni ya Butere.

Siwezi kukutajia siku treni hiyo ilipokufa kwetu, maana haikufa siku moja. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Kenya ikaunda lake. Kisha safari zikapungua, moja baada ya nyingine. Mwaka 2006 reli ikakodishwa kwa kampuni binafsi, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Mwaka huohuo treni mpya ya reli pana ilianza kukimbia kati ya Mombasa na Nairobi. Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ilifika tena Kisumu kupitia reli ya zamani, baada ya miaka mingi, na tawi la Butere nalo likaingizwa katika ukarabati. Nilifurahi. Ila hotuba nilizosikia zilikuwa za mizigo, bandari na miji mikubwa. Sikusikia mtu akiuliza nani alikuwa akishuka Luanda, na alibeba nini.

Siku moja, kabla hajafariki, nilimwambia kukhu kwamba wazee wanasema reli ilitupita. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso.

"Walisubiri ije mlangoni," akasema. "Sisi tulikuwa tunaifuata."

Mwaka jana nilitaka kuifuata njia yake. Nilinunua chungu kimoja Ilesi, nikapanda matatu kuelekea Majengo, nikakipakata. Kabla hatujafika Chavakali makanga alikigonga kwa kidole, akanitazama.

"Mzee, hiki kimekula nafasi. Kitalipa kama mtu."

Nikalipa.