Daktari wa Mulago na Hesabu ya Kutajwa

Jamaa zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo walipokutana hapa Newburg kiangazi kilichopita, binti wa kaka yangu alinifuata jikoni. Yeye anasomea utafiti wa saratani huko Columbus. Akaniambia, "Baba mdogo, makala yangu ina miaka miwili tangu ichapishwe, na imetajwa mara tatu tu. Mara moja katika hizo nimejitaja mwenyewe." Tulicheka, lakini niliona kuwa hakuwa na furaha. Alikuwa akifikiria kuiacha kazi hiyo. Siku ile sikuwa na jibu; nikamwahidi kuliandika katika kitabu chetu cha mwaka.

Kwa faida ya wazee na watoto, nieleze kwanza kutajwa ni kitu gani. Mtaalamu anapoandika makala, hutaja makala za wenzake alizozitegemea. Mwaka 1964 Bwana Eugene Garfield wa Philadelphia alianza kuuza faharasa kubwa iliyoonyesha nani kamtaja nani, ili msomaji aweze kufuata wazo kutoka makala hadi makala. Baadaye watu waliigeuza kuwa mizani ya kupimia wataalamu wenyewe. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akaongeza kipimo chake: mtu mwenye makala 20, kila moja ikiwa imetajwa si chini ya mara 20, namba yake ni 20. Kazi ya maisha yote ya mtu, tarakimu mbili!

Basi tumwangalie Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na tangu utotoni alikuwa na jicho moja tu lililoona. Alifika Uganda mwaka 1946 akiwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957, hospitalini Mulago, Dakta Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakuelewa ugonjwa ule. Muda si mrefu baadaye, akiwa ziarani hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kuwa jambo la ajabu likitokea mara moja huenda ni bahati, lakini la pili lazima lifuatiliwe.

Alifukua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha habari za watoto 38 katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Makala hiyo ilipita karibu kimya. Wataalamu wa saratani hawakuwa wakisoma jarida la wapasuaji, tena habari ilitoka Kampala. Lau angepimwa kwa mizani ya leo baada ya miaka miwili, sijui angeambiwa nini. Na kumbuka kuwa Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikwisha kuwaandika wagonjwa wa namna hiyo katika madaftari yake mwanzoni mwa karne ya 20, bali madaftari hayamtafuti msomaji.

Burkitt hakungoja kutajwa. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni kote Afrika akiwauliza, "Je, umeuona ugonjwa huu?" Majibu aliyachora kwenye ramani. Kisha Oktoba 1961, pamoja na Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, West Nile, na Clifford Nelson, aliondoka na gari kuukuu kuelekea Afrika Kusini. Walisafiri wiki 10, yapata maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ilionekana kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua; kwenye nyanda za juu zenye baridi haupo. Hatimaye watafiti waliuhusisha na malaria.

Machi ya mwaka huo huo alikuwa amehutubia London. Miongoni mwa wasikilizaji wachache alikuwapo kijana Anthony Epstein, ambaye kabla hotuba haijaisha alikwisha amua kutafuta virusi katika uvimbe ule. Vipande vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Desemba 1963 ukungu ulifunga London, ndege ikatua Manchester, na chupa ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka. Mwingine angeitupa. Epstein akaweka tone chini ya hadubini: uchafu ule ulikuwa seli hai zilizokuwa zikielea. Machi 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tangu hapo jina la Burkitt likawa jina la ugonjwa wenyewe. Nami naona hapa mizani inachekesha: mtu akiwa maarufu hivyo, wengi huliandika jina lake bila kuitaja makala ya 1958, kwa sababu kila mtu anaijua.

Jamaa zetu wa Buffalo nao wana sehemu yao. Katika taasisi ya saratani ya Roswell Park, George Moore na wenzake walitengeneza katika miaka ya 1960 maji ya kukuzia seli yanayoitwa RPMI 1640. Herufi hizo ni za taasisi yao. Maabara nyingi duniani huyatumia. Na kati ya seli zinazokuzwa humo zipo ziitwazo Daudi, zilizotokana na uvimbe wa kijana Mwafrika wa miaka 16, zikaanza kukuzwa mwaka 1967 na maabara ya George na Eva Klein wa Stockholm. Maelfu ya makala yamezitumia. Kina Klein hutajwa. Kijana yule hana makala, hana namba.

Nilimsomea binti yangu haya kwa simu kabla ya kuyapeleka kwa mpiga chapa. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba mdogo, Daudi yumo kwenye kabati letu la joto. Kesho asubuhi ni zamu yangu kumbadilishia maji."