Posho ya Kampuni na Kapu la Mama

Katika kambi za migodi ya Katanga, wazee wetu hawakuanza maisha ya ndoa kwa kununua unga. Unga walipewa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliacha desturi ya kuajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini; ikawataka wakae kambini pamoja na wake zao. Mwenye ndoa alipata nyumba, na posho yake ikaongezwa kwa kadiri ya mke na watoto: unga wa mahindi, maharagwe, samaki wakavu, chumvi, mafuta ya mawese. Mke alisimama mstarini na kapu lake siku ya kugawa. Kampuni ilikuwa na hesabu yake katika ukarimu huo: ilitaka mfanyakazi mwenye nguvu, na watoto wake waje kushika kazi ya baba.

Kwa kuwa chakula hakikutoka mfukoni, mshahara ulibaki mkononi mwa mume. Ndio ulionunua baiskeli, vitenge, vyombo vya mezani, gramafoni, hata cherehani. Na cherehani, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa na maana kuliko vyote, maana mke aliyejua kushona aliweza kupata fedha yake mwenyewe. Hata hivyo mshahara huo ulikuwa mdogo. Wakati wa vita bei za vitu zilipanda, wafanyakazi wakagoma wakidai nyongeza, na tarehe 9 Desemba 1941 askari wakawapiga risasi mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Serikali ilipotwaa migodi mwaka 1967, desturi ya posho haikukoma. Gécamines iliendelea kugawa unga, kutibu wagonjwa na kusomesha watoto. Mume aliyetoka kazini alihesabiwa kuwa mlishaji wa nyumba, ingawa kwa kweli mlishaji alikuwa kampuni.

Hilo lilidhihirika baadaye. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Shaba iliyokuwa imezidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Posho ikapungua, kisha ikakatika, na mishahara ikachelewa miezi kwa miezi huku fedha ya nchi ikipoteza thamani. Ndipo matumizi ya nyumbani yalipopinduka. Vitu vya fahari vilivyonunuliwa kwa mshahara wa mume viliuzwa kimoja baada ya kingine ili kupata chakula, na unga ukanunuliwa kwa vipimo vidogo, wa siku ile tu, kwa faida ya mama aliyeuza makaa, mboga au maandazi. Ada ya shule nayo ikawa gharama mpya. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameeleza jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika katika nyumba hizo. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni vilevile.

Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa malipo yaliyogharimiwa na Benki ya Dunia. Fedha hizo zilitolewa kwa jina la mfanyakazi, zikaingia katika nyumba ambazo kwa miaka kadhaa zilikuwa zimelishwa na kapu la mke.